Bi Hebu Anastaafu: Mwalimu Aliyekosea kwa Makusudi

Ijumaa ya tarehe 28 mwezi huu, saa nane na nusu mchana, mwalimu wetu wa Hisabati atafunga kabati lake kwa mara ya mwisho, baada ya miaka thelathini na mitatu na miezi minne ya utumishi, yote katika shule hii moja. Barua ya kustaafu inamtaja kwa majina yake matatu kamili. Humu ndani hakuna anayemjua kwa majina hayo. Wanafunzi walimwita Bi Hebu, sisi walimu tukafuata, na mwishowe hata mlinzi wa getini na mpishi wakamwita hivyo hivyo, kwa sababu hajawahi kuanza jambo lolote bila neno hilo. Hebu tuone. Hebu jaribu. Hebu nipe hicho kidole chako.

Kamati ya maandalizi imenipa mimi kazi ya kuandika wasifu huu, na nadhani wamefanya hivyo kwa utani. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Meza yangu imetazamana na ya Bi Hebu kwa miaka ishirini, na kwa miaka yote hiyo nimekuwa nikimwomba msaada hata wa kutafuta wastani wa alama za darasa langu. Basi mnisamehe nikiteleza kwenye tarakimu. Yeye amekwisha kunisamehe mara nyingi.

Alifika hapa akiwa na miaka ishirini na sita, mwembamba, mkali, asiyetabasamu kabla ya saa sita mchana. Vijana wetu wa leo hawaliamini hilo, lakini mwenyewe husimulia. Alifundisha kama alivyofundishwa: kanuni ubaoni, mifano miwili, maswali arobaini, kimya. Darasa lilikuwa kimya kiasi kwamba alidhani wameelewa. Ulipofika mtihani wa mwisho wa muhula, kati ya wanafunzi hamsini na wawili walifaulu tisa.

Alikusanya madaftari yao ili ajue wamepotelea wapi, na humo akakuta kitu kilichomnyima raha likizo nzima. Siku moja, kwa haraka, alikuwa ameandika ubaoni kwamba saba mara nane ni hamsini na nne. Hakuwa amelitambua kosa hilo. Madaftari yote hamsini na mawili yalikuwa na hamsini na nne, kwa mwandiko safi, yamepigiwa mstari kwa rula. Kila mtoto darasani mle alijua jibu ni hamsini na sita. Hakuna aliyethubutu kusema.

Muhula uliofuata aliingia darasani na chaki moja nyekundu, akaiweka pembeni mwa ubao, akatangaza sheria mpya. Kila kipindi yeye mwalimu atakosea mara moja kwa makusudi. Atakayeliona kosa hilo atakuja mbele, atachukua chaki nyekundu na kumsahihisha, tena kwa alama kubwa ya kosa kama walimu wanavyopenda kuchora. Siku tatu zilipita bila mtu kunyanyuka. Siku ya nne msichana mmoja akajikokota hadi mbele, akaweka alama nyekundu juu ya jibu la mwalimu wake. Bi Hebu akapiga makofi. Tangu siku hiyo, darasa lake halijanyamaza tena.

Walioketi chini yake wanakumbuka hasa kipindi cha mwisho cha Ijumaa, kipindi cha mafumbo. Mimi mwenyewe nilinaswa na fumbo moja wiki yangu ya kwanza kazini. Aliandika kitu kwenye karatasi, akaikunja, akaitumbukiza kwenye mfuko wa shati langu. Kisha akaniambia nichague namba yoyote ya tarakimu tatu, ili mradi tarakimu ya kwanza na ya mwisho zipishane kwa zaidi ya moja. Nikachagua 732. Akasema niigeuze, iwe 237, nitoe ndogo kwenye kubwa. Nikapata 495. Akasema nigeuze jibu hilo pia, iwe 594, kisha nijumlishe hizo mbili. Nikapata 1089. Nilipofungua ile karatasi mfukoni, ilikuwa imeandikwa 1089. Nilichagua namba nyingine, na nyingine, nikamaliza mapumziko yote ya chai nikihangaika, na kila mara ikatoka hiyo hiyo. Chai yangu ilipoa. Hakuniambia siri yake kwa wiki mbili, na wiki mbili hizo ndizo za kwanza katika maisha yangu nilipoifikiria Hisabati kwa hiari.

Kuna pia kile kikao cha walimu ambacho wakongwe bado wanakizungumzia. Tulikuwa ishirini na sita. Bi Hebu akasema watu wakifika ishirini na watatu tu, uwezekano wa wawili kati yao kuzaliwa tarehe moja tayari umezidi nusu. Mhasibu akacheka, akasema mwaka una siku mia tatu sitini na tano, acheni masihara. Tukaanza kutaja tarehe mmoja mmoja. Ikagundulika kwamba naibu mkuu na mkutubi, ambao kwa miaka miwili walikuwa hawasalimiani kwa ajili ya ufunguo wa stoo, wote wamezaliwa tarehe tisa ya mwezi wa tatu. Walitazamana kama watu waliofumaniwa. Mwaka uliofuata walikata keki moja.

Hayo yote hayakumfurahisha kila mtu. Baadhi ya wazazi walilalamika kwamba watoto wanacheza badala ya kusoma, na mkuu wa shule wa wakati ule, mtu wa utaratibu na tai iliyonyooka, akatoka ofisini asubuhi moja kwenda kuukomesha mchezo huo. Alimkuta Bi Hebu nyuma ya madarasa na wanafunzi wake, kamba mkononi. Walikuwa wamezungusha kamba moja kwenye ndoo ikabana, na nyingine kwenye tangi kubwa la maji ikabana vilevile. Kisha wakaongeza mita moja kamili kwenye kila kamba. Swali lilikuwa hili: kamba hizo zikivutwa zikae mbali na ndoo na mbali na tangi, sawasawa pande zote, nafasi ipi itakuwa kubwa zaidi?

Wanafunzi wote walisema ya ndoo. Mkuu, aliyekuja kukaripia, alijikuta amekunja mikono akisema naye, "Ya ndoo, bila shaka. Tangi lote lile, mita moja itapotelea huko."

Wakapima. Kwenye ndoo, sentimita kumi na sita. Wanafunzi wakalizunguka tangi, wameishika kamba kwa rula, wakapima. Sentimita kumi na sita. Mkuu akapiga magoti na suti yake, akapima mwenyewe upande wa kivulini, kisha upande wa juani.

"Haiwezekani," akasema.

"Hebu pima tena, mkuu," Bi Hebu akamjibu. Akaongeza kwamba hata ukiifunga dunia nzima kiunoni kwa kamba na kuiongezea mita moja tu, kamba itanyanyuka sentimita hizo hizo kumi na sita kila mahali. Mkuu alirudi ofisini na vumbi magotini, na suala la michezo halikutajwa tena. Sitadai kwamba matokeo ya mtihani yalipaa mwaka ule. Yalipanda kidogo, mwaka uliofuata yakapanda tena kidogo, na hayajawahi kushuka kurudi walikokuwa wale tisa.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo Bi Hebu aliniruhusu kuliandika baada ya kufikiri siku mbili.

Miaka kumi na moja iliyopita, Jumatano moja ya muhula wa pili, kiranja wa darasa lake alinijia chumba cha walimu wakati wa mapumziko. Alikuwa msichana mrefu mwenye miwani, mwenye kusema machache.

"Mwalimu, samahani. Leo Bi Hebu amekosea mara tano."

Nikacheka. "Si ndio mchezo wenu? Chaki nyekundu imekwenda wapi?"

Hakucheka. "Kosa la makusudi huwa moja, na huwa la kijanja, unalitafuta mpaka jasho likutoke. Haya ya leo si ya kijanja. Ameandika tisa jumlisha sita ni kumi na nne."

"Mkamsahihisha?"

"Hapana, mwalimu. Tumeandika majibu sahihi kwenye madaftari yetu, tukanyamaza. Tuliona tukimwambia atalia."

Nilimkuta darasani peke yake, anafuta ubao ambao ulikuwa umekwisha kufutwa. Nilimuuliza mara moja, akasema hana neno. Nilipomuuliza mara ya pili akaketi kwenye dawati la mwanafunzi. Mumewe, fundi cherehani, alikuwa ameanguka Jumatatu akiwa kazini, mkasi mkononi. Kiharusi. Upande mzima wa kulia ulikuwa umekufa ganzi na maneno hayatoki. Bi Hebu alikuwa akitoka wodini anakuja shule, akitoka shule anarudi wodini, na hakuwa amemwambia mtu yeyote.

"Nikisema, nitakuwa nimekubali," akaniambia.

Alipewa ruhusa siku hiyo hiyo. Mwalimu mwenzake wa Hisabati alikuwa na madarasa hadi shingoni, hivyo mwenye vipindi vya wazi nikawa mimi. Kwa wiki saba nilisimama mbele ya darasa la Bi Hebu kufundisha nisichokijua. Makosa yangu hayakuhitaji kupangwa. Chaki nyekundu iliisha kwa wiki mbili, tukaazima nyingine. Kila asubuhi nilikuta mezani kwangu karatasi ya kiranja ikinieleza somo la siku hiyo hatua kwa hatua, na chini yake ameandika kwa adabu: Mwalimu, hapa ndipo watu wengi hukosea. Kiranja yule leo ni mpima ardhi. Nilijifunza kwake mambo ambayo miaka yangu yote shuleni haikunifunza, likiwemo la kuzidisha kwa tisa kwa vidole. Unanyoosha vidole vyote kumi; unataka tisa mara nne, unakunja kidole cha nne kutoka kushoto. Kushoto kwake vimebaki vitatu, kulia sita, jibu thelathini na sita. Nilikuwa na miaka arobaini na tatu nilipolijua hilo.

Kila Ijumaa nilimpelekea Bi Hebu madaftari nyumbani. Fundi alikuwa ametoka hospitali baada ya wiki tatu. Maneno yalikuwa yanarudi moja moja. Namba zilikuwa hazijarudi kabisa. Huyu ndiye mtu aliyeweza kukukadiria kiuno ukivuka barabara, na sasa tepu ilining'inia shingoni mwake kwa mazoea tu. Alipoitazama, alama zile zilikuwa mikwaruzo mitupu.

Bi Hebu alimfundisha, na katika hofu yake alimfundisha kwa ule mtindo wa mwaka wake wa kwanza kazini. Sema moja. Sema mbili. Baada ya mbili? Fundi aligeukia ukutani. Alasiri moja nilikuwepo, madaftari mapajani, nisijue nitazame wapi, pale alipoupiga mkebe wa vifungo kwa mkono wake mzima. Vifungo vikatawanyika sakafuni, vingine hadi chini ya cherehani.

Bi Hebu alipiga magoti akaviokota. Alipomaliza hakuvirudisha mkebeni. Alianza kuvipanga kwenye meza ya kukatia nguo, iliyokuwa kando ya kitanda cha fundi. Kifungo kimoja. Akakizungushia vitatu kwenye kona yake, vikawa mraba wa vinne. Akazungushia vitano, mraba ukakua, tisa. Akazungushia saba, kumi na sita. Hilo ni moja ya maajabu anayoyapenda: ukijumlisha namba witiri kwa mpangilio wake, moja, tatu, tano, saba, kila unapoishia unapata mraba kamili, hata ukiendelea hadi kesho. Nadhani alikuwa akilipanga kwa ajili yake mwenyewe, ili mikono ipate kazi. Safu iliyofuata ilikuwa ya vifungo tisa. Alipanga vinane, akaacha nafasi ya mwisho wazi.

Fundi alikuwa amegeuka kutazama. Mtu aliyeshona nguo miaka ishirini na mitano hawezi kuvumilia pengo la kifungo. Mkono wake wa kushoto ulitoka polepole chini ya shuka, ukapapasa vifungo vilivyobaki, ukaacha cheupe, ukaacha kikubwa, ukachagua kimoja cha kahawia kinacholingana na vingine, ukakisukuma mahali pake. Akakinyoosha kwa kidole gumba.

"Sasa imekaa," akasema.

Ilikuwa sentensi yake ya kwanza kamili tangu aanguke. Bi Hebu alijifunika mdomo kwa viganja vyote viwili. Mimi nilifungua daftari la mtu nikajifanya nasahihisha. Mara nyingi nimemuuliza kama lile pengo aliliacha makusudi, naye hucheka tu.

Kuanzia siku hiyo alimpangia miraba kila alasiri na kuacha nafasi moja wazi. Mwezi wa pili fundi akaanza kutaja safu kwa sauti. Kwa kuwa alijifunzia kwenye vifungo vile, namba za kwanza kumrudia zilikuwa witiri, na kwa muda mrefu alihesabu moja, tatu, tano, saba, akiruka zile za katikati kama mtu anayeruka madimbwi. Majirani walihuzunika waliposikia. Bi Hebu alikuwa akijisikia kama ameshinda tuzo. Mbili, nne na sita zilikuja baadaye, mwezi wa nne, zote kwa pamoja, asubuhi moja akipanga sahani za chakula.

Wiki ya nane Bi Hebu alirudi kazini. Darasa lilisimama alipoingia. Aliweka mkoba mezani, akawatazama, akasema, "Asanteni kwa kunyamaza siku ile." Kisha akageuka ubaoni na kukosea kosa moja la kijanja sana, lililowachukua dakika kumi na tano kulipata.

Mwaka mmoja na miezi miwili baada ya kiharusi, fundi alinishonea shati. Alinipima mwenyewe, akizisoma namba za tepu kwa sauti, taratibu, mkewe akiwa kando. Mkono mmoja wa shati hilo ni mrefu kuliko mwingine kwa upana wa kidole. Sijawahi kulipeleka kurekebishwa.

Jumanne ya wiki iliyopita Bi Hebu alifundisha kipindi chake cha mwisho, nami nikaomba ruhusa nikae dawati la nyuma. Somo lilikuwa namba tasa, zile zisizogawanyika kwa namba nyingine yoyote isipokuwa moja na zenyewe: mbili, tatu, tano, saba, kumi na moja. Katikati ya somo msichana mmoja akainua mkono.

"Mwalimu, kwa nini zinaitwa tasa? Tasa si mtu asiyezaa?"

Bi Hebu alinitazama kule nyuma, kwa kuwa lugha ni kazi yangu. Nami nikainamia dawati. Yeye na fundi hawakujaliwa mtoto. Katika miaka ishirini ya kutazamana meza kwa meza, tumeongea juu ya kila kitu chini ya jua, na hilo hatujaligusa hata siku moja.

Akajibu mwenyewe, kwa sauti ile ile ya kila siku. "Aliyezipa jina aliona kwamba huwezi kuzigawa, akaishia hapo. Hebu nipeni namba yoyote ambayo si tasa."

"Kumi na mbili!" wakasema.

Akaandika: mbili mara mbili mara tatu.

"Thelathini!"

Mbili mara tatu mara tano.

"Mia moja na tano!"

Tatu mara tano mara saba. Waliendelea kumtupia namba, kubwa na kubwa zaidi, naye akazifungua moja baada ya nyingine mpaka ubao ukajaa, na mle ndani ya kila moja zilikuwa zile zile.

"Mnaona?" akasema. "Chukua namba yoyote kuanzia mbili na kuendelea, hadi utakapochoka. Kama yenyewe si tasa, basi imetokana na hizi. Hakuna iliyotoka kwingine."

Kengele ikalia. Hakuna aliyefunga daftari. Yule msichana aliyeuliza alikuwa ameinama, anaandika haraka haraka, na sikuona anachoandika. Bi Hebu alijipangusa chaki mikononi, akawaaga kama anavyowaaga kila Jumanne, akatoka. Nilibaki nyuma nikiusoma ubao ule kwa mara ya kwanza maishani mwangu bila woga. Sasa nikifundisha msamiati na kufika kwenye neno tasa, nitawapa wanafunzi maana zake zote mbili, na nitaanza na ya kwake.

Mwalimu mwenzetu, kwa niaba ya mkuu wa shule, walimu, wafanyakazi wote na wanafunzi zaidi ya elfu nne waliopita mikononi mwako, tunakushukuru. Fundi amekungoja alasiri nyingi. Sasa ni zako na zake. Mwambie tunamsalimu sana. Tunawaombea wote wawili afya, usingizi wa mchana usiokatizwa na kengele, na wageni wengi mlangoni, maana tunaujua mtaa wenu na tutakuja.